Jinsi ya kusoma aspirini kwa miale ya infraredi

Hamjambo wapenzi watazamaji, karibuni tena maabara, hapa Nairobi. Leo aspirini itatuonyesha yenyewe vikundi vyake tendaji, yaani makundi ya atomu yanayoipa tabia zake. Tembe ni ya duka la dawa. Nimeisaga, nikaiyeyusha kwa asetoni, nikachuja wanga, nikaacha asetoni ikauke kabisa, maana ikibaki italeta bonde lake, yaani mahali mchoro unaposhuka kwa kuwa miale imefyonzwa, pale 1715 na kutuvuruga. Namba hizi zote ni namba za wimbi, idadi ya mawimbi kwa kila sentimita.

Sasa tegeni sikio. Bromaidi ya potasiamu, chumvi tunayochanganya na sampuli kwa kuwa infraredi hupita ndani yake, hufyonza unyevu, na masika haya hewa imejaa maji. Chumvi hii imelala ovenini tangu jana kwa nyuzi 110. Chukua miligramu 1 ya aspirini kwa 150 hivi za chumvi, saga kwenye kinu cha akiki, na ufanye haraka. Usipumulie kinu! Narudia, usipumulie. Ngoja, kamera isogee kidogo, mkono unaziba. Haya, tazameni unga: ukianza kugandamana na mchi, umeshashika maji. Mwaga, anza na chumvi kavu.

Shindilia kwa mashine. Kidonge kikitoka na ukungu, rudia. Pima chemba ya spektromita, mashine ya kupima miale, ikiwa tupu, kisha sampuli. Basi.

Mchoro huo, kutoka 4000 hadi 400. Mimi huanzia karibu na 1700, kwa kuwa kabonili, yaani kaboni iliyofungwa mara mbili na oksijeni, haijifichi. Mnaona mabonde mawili? La 1750 hivi ni la esta, la 1690 hivi ni la asidi ya kaboksili. Molekuli moja, kabonili mbili, na kila moja inatetemeka kivyake kulingana na atomu zilizoizunguka. Hapa ndipo ninapoipenda kazi hii! Kati ya 3300 na 2500, bonde pana linaloning'inia kama ndevu ni O–H, kifungo cha oksijeni na hidrojeni, ya ile asidi. Karibu na 1600 ni pete ya benzini. Hilo la 2350 ni kaboni dioksaidi ya hewani, lipite.

Chini ya 1500 usitafsiri kila bonde, linganisha tu na mchoro wa aspirini safi.

Na 3400 je? Ukiona bonde pana hapo na jingine dogo 1640, usikimbilie kuandika alkoholi. Ni maji. Rudini mtazame letu: lipo, dogo, lakini lipo. Chumvi inarudi ovenini, kisha tunapima upya.