Uti Huu Siyo Ule wa Mkojo

(Mazungumzo na wazazi, Ngamiani, Tanga, baada ya swala ya alasiri)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mliosimama juani sogeeni, mikeka ipo.

Nimeombwa niseme juu ya homa ya uti wa mgongo. Kwanza nitoe jambo lililonichosha miaka yote ya unesi. Mama anafika: "Nesi, mwanangu ana uti." Uti upi? Kipimo cha mkojo kikionyesha wadudu, daktari anaandika herufi tatu, yu-ti-ai, nasi tunazisoma kama neno letu. Basi mtu akisikia mtoto wa jirani kafa kwa uti, anashangaa: si vidonge vya siku chache tu? (Kicheko.) Ule ni wa njia ya mkojo. Huu ni wa utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo. Bakteria wakiuvamia, mtoto aliyecheza rede asubuhi usiku hajitambui. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wagonjwa sita wa uti wa bakteria mmoja hufa, na katika kila watano mmoja hubaki na kilema.

Kilema hicho nimekiona. Kituo sikitaji, ni zamani. Mtoto wa kiume, miaka miwili. Homa, kutapika, usiku akakakamaa, macho juu. Nyumbani wakasema degedege, wakamfukiza. Aliletwa siku ya tatu. Wala siwalaumu wale bibi waliomfukiza peke yao, maana siku ya kwanza alikuwa ameshaletwa kwetu, tukampa dawa ya malaria, tukamrudisha. Hakuna aliyemwinamisha kichwa aone kama kidevu kinafika kifuani. Ilikuwa zamu yangu.

Siku ile ya tatu shingo ilikuwa imekaza, kidevu hakikufika. Daktari akataka kutoa maji ya mgongo yapimwe, baba akakataa: "Hayo maji yakitolewa mtoto hufa." Mnaitikia kwa vichwa, naona. Sikilizeni. Sindano ile inaingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakwisha, pamebaki maji na nyuzi za neva. Kinachoua ni siku tatu zilizotangulia. Watoto wengi hufikishwa kwenye sindano wakiwa wamechelewa, basi sindano ndiyo inayobeba lawama.

Baba alikubali, mtoto akapona, tukafurahi. Mwezi uliofuata mama akarudi naye. Hakusema kitu. Alichukua mfuniko wa sufuria, akauangusha sakafuni nyuma ya mtoto. Sisi sote tuliruka. Mtoto aliendelea kuchezea kandambili yake.

Sasa chanjo. Watu huniuliza: ya uti wa mgongo inapatikana wapi? Nawaambia wengi wenu mmeshawachanja watoto, ila kadi haijaandika jina hilo. Uti huu hauletwi na mdudu mmoja, kwa hiyo hauna chanjo moja. Ile chanjo ya penta ya wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne imebeba ndani yake kinga ya bakteria anayeitwa Hib, aliyekuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa watoto wachanga. Tanzania tumeanza kuipata 2009. Ile mnayoiita ya nimonia, inayochomwa siku hizo hizo, ilikuja mwanzoni mwa 2013, na mdudu wake ndiye huyo huyo anayepanda kichwani na kuua masikio. Hata BCG ya siku ya kuzaliwa, inayoacha kovu begani, humkinga mtoto na kifua kikuu cha ubongo. Zote kliniki ni bure.

Yupo mdudu mwingine, meningokoka, na huyu ndiye wa vijana. Hukaa kooni mwa mtu mzima wa afya bila kumdhuru, karibu mtu mmoja katika kumi, akingoja mate. Bweni lenye vitanda vya kubanana, kikombe kimoja cha maji, busu (mashekhe mnisamehe), huko ndiko anakohamia. Nyumba yake kubwa Afrika ni ule ukanda wa Senegal mpaka Ethiopia. Burkina Faso walianza 2010 kuchanja dhidi ya aina A, aina hiyo ikapotea kabisa kwenye milipuko. Nijeria 2024 wakawa wa kwanza kutumia chanjo inayoshika aina tano kwa pamoja. Marekani kwa miaka mingi vijana wamechanjwa wakiwa na miaka 11 au 12, wakarudiwa wakiwa na 16.

Kwetu haimo katika ratiba ya kila mtoto. Lakini mahujaji wa humu wanaijua sindano hiyo, ingawa wengi huidhania karatasi ya safari tu. Msimu wa Hija wa 1987 uliondoka na mlipuko, na ule wa 2000 pia. Wageni waliurudisha ugonjwa makwao hadi Ulaya. Ndiyo maana Saudia hawakupokei kwa Hija wala Umra bila cheti, na sindano iwe imechomwa si chini ya siku kumi kabla ya kufika. Kinga haiji siku ya sindano. Ukimchukua kijana wako Umra, msikimbilie chanjo wakati mabegi yameshafungwa.

Na mtu akiugua, hata aliyechanjwa, shingo ngumu, mwanga unamuumiza macho, vidoa vyekundu visivyofifia ukivibonyeza kwa glasi, au mchanga ambaye utosi umevimba na hanyonyi: hospitali usiku huo huo. Wanaoishi naye nao waulizie dawa ya kinga.

Haya, maswali. Bibi, umenyanyua mkono. Sogea nikusikie... Mjukuu. Kadi unayo? Ifungue hiyo kanga taratibu, isichanike. Naam. BCG ipo. Penta ya kwanza, ya pili. Hapa pa tatu pako wazi, na nimonia vilevile. Mtoto ana miezi mingapi?

Saba. Basi bado. Kesho asubuhi, bibi, usingoje mama yake arudi Pangani. Kadi na mtoto tu, vinatosha.