Anwani Iliyoandikwa Mwanzoni: Safari ya Insulini Ndani ya Seli

Shikamooni wakubwa. Vijana mlioko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Wengi wetu tuna mama, mjomba au jirani anayejichoma insulini kila siku. Leo tuizungumzie ile ambayo mwili huitengeneza wenyewe, protini inayoshusha sukari ya damu, katika seli za kongosho ziitwazo seli beta.

Maelekezo yake yamo kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli, na DNA haitoki humo. Kinachotoka ni nakala, RNA mjumbe, ambayo ribosomu, mashine ndogo ya kuunga protini, huisoma herufi tatu tatu. Kila tatu ni asidi amino moja, yaani pingili moja ya mnyororo wa protini. Haya mlisoma shuleni, sikai hapo.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo jingine. Seli moja hutengeneza maelfu ya aina za protini. Hii ibaki humo humo, ile iingie mitokondria, vijumba vya kuzalisha nishati, insulini itoke nje kabisa ikaingie kwenye damu. Nani anaziongoza?

Ukituma mzigo kwa basi kwenda Mbeya, unaandika jina na namba ya simu juu ya boksi kwa maka peni. Mwaka 1971, pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, Günter Blobel na David Sabatini walikisia kwamba protini nazo zina anwani, tena iliyoandikwa kwa asidi amino zake zenyewe, mwanzoni mwa mnyororo. Kufikia 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein walikuwa na ushahidi wa maabara. Tuzo ya Nobel Blobel akaipata 1999, na fedha zake akazipeleka Dresden, mji aliouona akiwa mtoto wakati wa vita, kusaidia kujenga upya kanisa la Frauenkirche na sinagogi.

Ila mfano wangu wa basi unaishia hapo, maana anwani ya insulini husomwa hata kabla mzigo haujakamilika. Insulini huanza ikiwa mnyororo wa asidi amino 110, na 24 za mwanzo ndizo anwani. Zikichungulia tu nje ya ribosomu, chembe iitwayo SRP inazidaka. Kazi ya kuunga mnyororo inapungua kasi, ribosomu nzima inapelekwa hadi kwenye utando wa retikulamu ya endoplazimu, karakana ya protini ndani ya seli, na mnyororo unaendelea kutungwa huku ukipenyezwa ndani kupitia tundu. Kisha anwani inakatwa na kutupwa! Zinabaki 86.

Humo ndani mnyororo unakunjwa na kukazwa kwa vifungo vitatu vya salfa, unasafiri kwenye vifuko hadi Golgi, kituo cha kupanga na kufungasha protini, halafu kwenye vifuko vya akiba. Huko kipande cha katikati chenye asidi amino 31, C-peptaidi, kinakatwa, na insulini kamili inabaki na 51. Namwona mwalimu wa hesabu anakunja uso: 86 toa 31 ni 55. Nne zilizopotea zilikuwa kwenye maungio, nazo huondolewa hapo hapo. Insulini inakaa imeshikamana sita sita kwa madini ya zinki, ikisubiri sukari ya damu ipande.

Kile kipande msikidharau. Hutoka pamoja na insulini, kimoja kwa kimoja, lakini insulini ya kichupa haina. Kwa hiyo daktari akitaka kujua kama kongosho la mtu anayejichoma bado linatengeneza insulini yake, hupima C-peptaidi.

Na anwani ikikosewa? Kwenye ini kuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia, kiitwacho AGT, ambacho makao yake ni vijumba viitwavyo peroksisomu. Wapo watu waliorithi badiliko dogo la jeni linalokipeleka mitokondria. Huko hakiwezi kuzuia taka iitwayo oksaleti isitengenezwe kwa wingi, basi inalundikana mwilini, inaungana na kalisi, mawe yanajaa kwenye figo, wengine tangu utotoni, hadi figo zinashindwa kazi. Ukichukua kipande cha ini la mgonjwa kama huyo ukakipima, unaweza kukikuta kimeng'enya kipo, kizima, na kinafanya kazi.

Karibuni maswali.