Mashine Zilikuwepo

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Nimeombwa nizungumzie tija na mishahara, na wale wa nyuma wanaonijua wameshaanza kucheka. Wanajua naanzia wapi. Naam, naanzia Kiwanda cha Viatu Morogoro, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka siku nitakapoona bajeti ya kiwanda ambamo fungu la mafunzo linalikaribia fungu la mashine.

Kwa wageni, kwa ufupi. Kiwanda kile kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia. Mashine za kisasa zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo, ng'ombe ndiyo usiseme. Kwenye karatasi kilitakiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka: soko la nchi litoshelezwe, na robo tatu ya mzigo iende Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Nne, jamani, siyo arobaini. Mwaka 1990 kikanyamaza. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, bila mfumo wa kupitisha hewa. Morogoro ile! Aliyechora ramani nadhani aliiona milima ya Uluguru kwenye picha akaamini ubaridi unashuka wenyewe hadi kiwandani.

Kuna mzee pale ananitikisia kichwa. Najua anachotaka kusema: umesahau Vita vya Kagera, umesahau fedha za kigeni zilivyokauka. Sijasahau, mzee wangu, foleni ya sukari tulipanga wote. Lakini tundu la kupitisha hewa halihitaji dola. Ramani ilichorwa kabla ya vita, na aliyeichora hakumuuliza mtu hata mmoja aliyewahi kufanya kazi ndani ya bati saa nane mchana.

Tuache ukuta, twende kwenye ngozi, maana hapo ndipo penye somo. Ngozi huharibika muda mrefu kabla ya kuiona mashine. Mfugaji kampiga ng'ombe chapa ya moto ubavuni, pale pale penye ngozi pana na nzuri, wakati shingo na miguu ipo. Kisha machinjioni mchunaji anatumia kisu cha jikoni chenye ncha kali, badala ya kile cha kuchunia kilichopinda. Anatoboa. Tundu lenyewe dogo kama punje ya mtama, lakini fundi wa viatu akifika hapo analazimika kukata kwa kulikwepa, na kipande kizima kinakwenda jalalani. Halafu ngozi inatandazwa chini juani, inakauka kama ubao, badala ya kutiwa chumvi mapema au kutundikwa kivulini. Niambieni, ni mashine gani inayoziba tundu la kisu?

Mtasema basi tuwafundishe wachunaji. Vizuri. Nami nauliza: mkishawafundisha, mtawalipaje? Ukimlipa mchunaji kwa kichwa cha ng'ombe, yule mwangalifu anachuna kumi huku mwenzake anayekimbiza kisu anachuna kumi na tano, na jioni anayeharibu ndiye anayeondoka na fedha nyingi. Baada ya wiki mbili mwanafunzi wako bora naye anakimbiza kisu. Si mjinga huyo, ana watoto. Ujuzi anao, lakini haumwingizii kitu mpaka mnunuzi aipange ngozi kwa madaraja, bei ya daraja la kwanza imfikie mwenye machinjio, naye amgawie aliyeshika kisu. Mpango huo hauna boriti wala boliti. Hauwezi kuupiga picha siku ya uzinduzi wala kuukatia utepe, na ndiyo maana hakuna anayeuchangia. Mimi nauita mtaji, mali isiyoshikika. Wahasibu wananicheka, lakini hata wao wamesogea kidogo: mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa 2008 unahesabu utafiti kama uwekezaji. Ukimpeleka mchunaji kozi, bado ni matumizi, kapu moja na chai ya ofisini.

Sasa lile pingamizi ninalolisikia kila mkutano: "Nikimfundisha atahama." Kweli, atahama. Cherehani haina miguu, fundi cherehani anayo. Lakini mwenye kiwanda anayesema hivyo anaungama kwamba kwa jirani kuna mshahara mzuri kuliko kwake! Na kwa kuogopa kumfundishia jirani, kila mmoja hafundishi, wote wanabaki wakigombania mafundi walewale watatu. Kwa sababu hiyo hiyo ipo tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo iliwahi kufika asilimia 6 ya mishahara, na sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Mnailalamikia kila mwaka. Lalamikeni, lakini nendeni mkakae kwenye bodi za VETA muwaambie walimu ni kisu gani kinatakiwa.

Nilikuwa na habari ya umeme pia, nitaipitia mbio. Edison alifungua kituo chake cha Pearl Street, New York, mwaka 1882. Viwanda vingi vya Marekani viling'oa injini ya mvuke, vikaweka mota kubwa palepale, mikanda ileile ya kuzungusha mashine zote juu ya vichwa, mpangilio uleule. Tija haikushtuka. Iliruka miaka ya 1920, baada ya kila mashine kupewa mota yake na sakafu kupangwa upya kwa kufuata kazi inavyotembea. Miaka arobaini! Sasa hivi mnanunua kompyuta, mnaiweka mezani kwa karani, naye anaitumia kupiga chapa barua zilezile. Mnataka iruke kesho.

Ya M-Pesa na mawakala, na ya gereji zenye mashine ya kusoma magari lakini hazina msomaji, nilikuwa nimeyaandaa, ila mwenyekiti anaitazama saa yake kwa namna ninayoifahamu. Tutayamaliza kwenye chai. Swali la kwanza nampa yule mama wa safu ya tatu, maana tangu nimtaje mchunaji hajashusha mkono.