Tiba shufaa ianze siku ya kulazwa ICU

Wauguzi wenzangu, na ninyi ndugu wa wagonjwa mliokubali mwaliko, habari za mchana.

Mwaka 1952 polio iliupiga mji wa Copenhagen. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri walioshindwa kupumua watobolewe koo na kuwekewa mpira, na wanafunzi wa udaktari wakakaa vitandani kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mfuko wa hewa kwa mkono. Mwaka uliofuata akaanzisha wodi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, ya kwanza. Kabla ya mashine palikuwa na mtu. Ndiyo maana sikubali tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa maumivu na kumfariji yeye na ndugu zake, iwe ya kuitiwa dawa zikishashindwa. Ianze siku ya kulazwa, sambamba na antibayotiki.

Mwenye mpira kooni hasemi, lakini anaonyesha. Anapogeuzwa, uso umekunjamana? Mikono imekakamaa? Anapigana na mashine ya kupumulia? Kunyonywa makohozi kunauma, dawa itangulie. Na kiu! Tunaisahau kabisa. Kumlowesha mdomo kwa pamba yenye maji baridi hakuhitaji mashine yoyote.

Sasa ndugu. Lile jibu letu la mlangoni, "hali si nzuri ila tunajitahidi", halijamsaidia mtu. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo kutoka ICU 22, kwa familia za wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Kikao kilipoandaliwa vizuri, na familia ikapewa kijitabu kuhusu msiba, ndugu waliongea kama dakika 14 badala ya 5. Miezi mitatu baadaye, wenye dalili za wasiwasi na sonona walikuwa wachache zaidi. Kikao chenyewe kilirefuka dakika 10 tu. Najua, najua: zamu ya usiku, muuguzi mmoja, vitanda vinne. Hata hivyo.

Keti. Uliza, "Mmeambiwa nini mpaka sasa?" Kisha nyamaza. Uliza mgonjwa ni mtu wa namna gani, na angetaka nini. Ujue pia nani mwenye kauli katika ukoo, maana makubaliano ya asubuhi huvunjwa na baba mkubwa anayeshuka basi jioni. Mpigieni simu awemo kikaoni.

Ikikubalika mashine iondolewe, huko ni kuuacha ugonjwa uende mwendo wake, si kuua. Ila mofini, dawa kali ya maumivu, itangulie, kwa kiasi cha kutuliza kuhema, ukiongeza huku unamtazama. Zima kengele za monita. Acha kumtoa damu kila asubuhi. Ondoa mirija isiyo na kazi ili binti yake amshike mkono. Padri aingie hata kama si saa ya kutazama wagonjwa, na anayetaka kumtamkia shahada sikioni apishwe.

Wengine huendelea kupumua kwa saa nyingi baada ya hapo, hata siku. Waambieni ndugu mapema. Wasipoambiwa watadhani tumekosea, na watadai arudishiwe mashine.