Jinsi ya Kuisoma Dinari ya Kirumi

Kwanza tandika kitambaa laini mezani. Dinari ni sarafu ya fedha ya Roma ya kale, na fedha iliyokaa ardhini miaka elfu mbili huwa kavu, na ikidondoka kwenye vigae huweza kuvunjika. Ishike ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada. Tafadhali usiisugue, hata kama ni nyeusi. Ukisugua unafuta nywele na mikunjo ya nguo ambayo ndiyo tunayoitafuta.

Ninayowaonesha ni nakala ya dinari ya Tiberius, aliyetawala Roma mwaka 14 hadi 37 BK. Yenyewe ina uzito wa karibu gramu 3.7, na upana wake haufiki sentimita mbili.

Anza na sura. Ni kichwa cha mwanamume kinachotazama kulia, kimevikwa shada la majani.

Sasa izungushe pole pole mpaka uzione herufi TI. Maneno yamefupishwa na kubanana, na V husomwa pia kama U: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. TI ni Tiberius. F ni filius, yaani mwana. DIVI AVG ni Augustus, baba yake wa kumlea, ambaye baada ya kufa alitangazwa kuwa mungu. Tulia hapa kidogo. Hata aliyekwenda kununua mkate alibeba mkononi tangazo kwamba mtawala ni mwana wa mungu. Mimi niliposoma herufi hizi mara ya kwanza, ile habari ya Yesu kuomba aoneshwe dinari na kuuliza sura hii ni ya nani ilinijia upya kabisa. Wengi huamini ilikuwa sarafu ya aina hii.

Geuza. Mwanamke ameketi, ana fimbo ya enzi na tawi. Wengi husema ni Livia, mama yake Tiberius, akiwa mfano wa Amani. Pembeni: PONTIF MAXIM, kuhani mkuu.

Kagua na ukingo. Dinari iligongwa kwa nyundo, kwa hiyo picha kukaa upande si kasoro. Ukiona mshono umeuzunguka ukingo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, usiinunue.

Sasa simamisha video ujaribu hii nyingine mwenyewe: majambia mawili, katikati kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, chini EID MAR.

Umeipata? Ni tarehe 15 Machi, siku Julius Caesar alipouawa mwaka 44 KK. Na ukiigeuza, sura ni ya Brutus, mmoja wa waliomchoma visu.