Koti la Jeshi la Taba: Nani Anaweza Kutenda Uhalifu wa Kivita?

Ndugu zangu, shikamooni wazee, na vijana asanteni kwa kufika. Naomba tuanze na koti.

Mwaka 1994, katika komuni ya Taba nchini Rwanda, kiongozi wa eneo alionekana amevaa koti la jeshi na kubeba bunduki. Ofisi yake aliwaachia wanajeshi waitumie. Mtu huyo, Jean-Paul Akayesu, hakuwa askari. Alikuwa mwalimu, akawa mkaguzi wa shule, kisha akashika uongozi wa komuni. Kesi yake ilisikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hapahapa Arusha, katika jengo la mikutano la AICC ambalo wengi wenu mmelipita leo asubuhi. Tarehe 2 Septemba 1998 alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa baada ya shauri kusikilizwa. Hilo mnalijua. Lisilosemwa sana ni kwamba siku ileile, majaji walewale walimwona hana hatia kwa mashtaka yote matano ya uhalifu wa kivita.

Ilikuwaje? Vita vilikuwepo, kati ya serikali na waasi wa RPF, na mahakama ilikubali hivyo. Waliouawa walikuwa raia, na hilo pia lilikubaliwa. Kilichobaki kikawa yeye mwenyewe. Kifungu cha 3 cha Mikataba ya Geneva ya 1949 kinakataza kuua na kutesa wasiopigana, hata pale vita vinapokuwa vya ndani ya nchi moja. Majaji walisema anayeweza kubanwa na kifungu hicho ni mwanajeshi, au mtu aliyepewa jukumu na dola la kusaidia juhudi za vita. Wakalipima koti, wakaipima bunduki, wakaona havitoshi kumfanya mtu wa vita.

Mimi nimesoma hukumu ile mara nyingi, na sehemu hii huniumiza kila nikiifikia. Kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya anayepigwa. Kisomeni mstari kwa mstari: kinawataja wasioshiriki mapigano, waliojeruhiwa, waliosalimu amri. Hakuna mahali kinapodai mtendaji awe na cheo fulani. Na katika eneo letu hili la Maziwa Makuu, mauaji mangapi yamefanywa na watu wasio na namba ya jeshi?

Tarehe 1 Juni 2001 jopo la rufaa lilisema waziwazi kwamba sharti lile lilikuwa kosa la kisheria. Lakini mwendesha mashtaka alikuwa ameomba sheria ifafanuliwe tu, kwa hiyo kuachiwa kwa Akayesu kwa mashtaka yale kukabaki palepale. Kifungo cha maisha alikuwa nacho tayari kwa makosa mengine.

Sasa, tukiondoa sare tunaweka nini? Hapa wanaohofia sheria kutanuka kupita kiasi wana hoja, nami naipokea. Si kila damu inayomwagika wakati wa vita ni uhalifu wa kivita. Majaji wa rufaa katika kesi ya Georges Rutaganda, Mei 2003, walitoa mfano: mtu anamchukia jirani yake kwa miaka mingi, vita vinazuka, polisi wanalegea, naye anatumia mwanya huo kumuua. Ni mauaji, lakini hayajawa uhalifu wa kivita kwa sababu hiyo peke yake. Lazima vita viwe vimechangia kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kutenda, uamuzi wake, au namna alivyotenda. Rutaganda mwenyewe alikuwa mfanyabiashara na kiongozi wa wanamgambo wa Interahamwe, raia kabisa. Wakimbizi waliokuwa katika shule ya ufundi ya ETO, Kigali, walishambuliwa na Interahamwe pamoja na askari. Akatiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita, bila sare.

Swali likageuka upande wa pili: je, mhanga anaweza kuwa mtu wa jeshi lako mwenyewe? Lilitoka Ituri, huko Kongo, kwenye kesi ya kamanda wa waasi Bosco Ntaganda. Wasichana wenye umri chini ya miaka 15 waliingizwa katika kundi lake la wapiganaji, wakabakwa na wenzao. Kambini waliitwa “guduria”, yaani sufuria kubwa ambayo kila mtu anachota. Neno hilo ni letu, jamani. Ni Kiswahili.

Mawakili wa utetezi walidai sheria ya vita humlinda mtu dhidi ya adui, haimlindi dhidi ya kamanda wake. Juni 2017 jopo la rufaa la Mahakama ya Kimataifa ya Jinai lilikataa: anayebakwa halazimiki kuwa wa upande wa adui, inatosha tendo liwe na uhusiano na vita. Julai 2019 Ntaganda alitiwa hatiani, na kubakwa kwa wasichana wale kukahesabiwa kuwa uhalifu wa kivita. Alipewa miaka 30.