Mheshimiwa Yule ni Mwongo: Vita vya Maneno Katika Bunge la Uingereza

Wanamdahalo wenzangu, na walimu mliowaleta, asanteni kwa kunialika.

Waingereza wakiona watu wawili wamevaana kwa maneno, husema wamepambanisha panga. Mtu akitaka kuona msemo huo ukiishi, aende London, ukumbi wa Bunge lao. Kwenye zulia kuna mistari miwili myekundu, serikali upande huu, upinzani upande ule, na mchangiaji haruhusiwi kuvuka wa kwake. Wageni huambiwa nafasi ya katikati ni urefu wa panga mbili na futi moja. Hadithi tamu, ila hakuna kumbukumbu ya wabunge kuruhusiwa kuingia humo na panga.

Kinachowazuia kurukiana ni namna ya kusema. Mbunge hamwambii mwenzake "wewe". Anamsimulia Spika habari za "mheshimiwa yule". Mnaijua hiyo, Dodoma na Nairobi tumeirithi. Hasira inapita kwanza kwa Mheshimiwa Spika, ikimfikia mlengwa imeshapoa kidogo.

Neno la mwiko kuliko yote ni mwongo. Mwaka 1906 Winston Churchill, akizungumzia vibarua wa Kichina wa Transvaal, huko Afrika Kusini, alisema kuwaita watumwa kungehatarisha usahihi wa istilahi. Tangu hapo, anayetaka kumwita mwenzake mwongo bila kulitaja neno lenyewe huazima maneno hayo ya Churchill, na kusema mwenzake amekosa "usahihi wa istilahi".

Dawn Butler, mbunge wa upinzani, hakuazima. Julai 2021 alisema waziwazi kwamba Waziri Mkuu Boris Johnson amelidanganya Bunge na nchi, tena na tena. Akaambiwa afute kauli, akagoma, akatolewa nje kwa siku hiyo. Aliyetuhumiwa hakuguswa.

Hapo ndipo mimi na kanuni hiyo hatuelewani. Najua utetezi wake: tukiachia kila mtu amwite mwenzake mwongo, mjadala wa bajeti utageuka ugomvi wa bombani. Na mlango upo. Mwenye tuhuma alete hoja mahsusi, ijadiliwe, ipigiwe kura. Sawa, lakini hoja inahitaji nafasi kwenye ratiba, na ratiba kwa sehemu kubwa imeshikwa na serikali yenyewe.

Juni 2023 kamati ya Bunge ilihitimisha kwamba Johnson alilipotosha Bunge kwa makusudi, katika suala jingine, la karamu za wakati wa korona. Alikuwa ameshajiuzulu ubunge. Kwa kura 354 dhidi ya 7, wabunge wakaikubali ripoti, na adhabu iliyobakia ikawa kumnyima pasi ya kuingilia wanayopewa wabunge wa zamani.